Nani Atamlisha Mwanachuoni? Habari za Fedha za Udaktari kwa Watu wa Jamii Zilizowekwa Nyuma



Jambo lililowekwa mbele ya mkutano huu ni jambo la elimu, lakini si elimu ile inayozungumzwa kila siku barazani, yaani ya kumtoa mtoto katika ujinga na kumtia darasani. Ni habari ya daraja ya juu kabisa ya vyuo vikuu, iitwayo Udaktari, na habari ya fedha zinazomwezesha mtu kuifikia. Na hasa ni habari ya watu wa jamii ambazo idadi yao ni ndogo kati ya watu wa nchi, au zilizowekwa nyuma na wenye nguvu, hata ikawa watoto wao katika daraja hiyo huhesabika kwa vidole.

Huenda mtu akauliza: Jambo hili lina haja gani kwa watu ambao wengi wao wangali wakihangaika na karo ya shule? Jawabu lake ni fupi. Walimu wa walimu hutoka katika daraja hiyo. Vitabu vinavyosomwa mashuleni huandikwa na watu wa daraja hiyo. Dawa, sheria, hesabu za serikali na historia za mataifa hupimwa nao. Na anapokuja kijana mwingine kuomba nafasi, wanaokaa mezani kumchagua ni wao hao hao. Jamii isiyokuwa na mtu katika meza ile husemewa na wengine, na habari zake huandikwa na wengine. Waislamu wa Kampala, Bujumbura na Kigali hawana haja ya kuelezwa jambo hili kwa urefu. Wakati wa ukoloni shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na wazazi wengi walikhofu watoto wao wasije wakageuzwa dini. Khofu ile ilikuwa na sababu yake, lakini khasara yake ilionekana baadaye katika ofisi, katika hospitali na katika vyuo.

Kwanza yafaa ieleweke Udaktari huu ni kitu gani. Si udaktari wa kutibu wagonjwa. Ni shahada apewayo mtu aliyekwisha kupata shahada ya kwanza, na mara nyingi ya pili, kisha akashika swali moja ambalo halijapata jawabu, akalichunguza kwa miaka, akaandika kitabu chenye jambo jipya, na wanachuoni wakamjaribu kwa maswali wakaridhika. Huko Uingereza kazi hii huchukua miaka mitatu au minne. Huko Marekani mara nyingi mitano na zaidi. Katika miaka hiyo mwanafunzi si mtoto tena. Ni mtu wa miaka 23, au 25, au 30. Wenziwe aliosoma nao wamekwisha kupata mishahara, wamejenga, na wana watoto wao.

Hapo ndipo penye mtihani wa kwanza, nao hauandikwi kwa kalamu. Kijana aliyemaliza shahada ya kwanza katika nyumba ya tajiri ni mtu huru. Akitaka kusoma husoma, akitaka kufanya kazi hufanya. Lakini kijana wa nyumba ya maskini ni mtu anayengojewa. Baba aliuza kipande cha shamba kwa ajili yake. Wadogo zake wanangojea karo kutoka kwake. Mama amekwisha kuwaambia majirani kwamba taabu imekaribia kwisha. Akirudi nyumbani akasema kwamba anataka kusoma miaka mitano mingine, maneno yake husikika kama maneno ya mtu anayekimbia deni. Kwa hiyo wengi wenye akili ya kazi hiyo huiacha, si kwa kushindwa na masomo, bali kwa kuona haya mbele ya jamaa zao. Nao watazamao kutoka nje husema kwamba watu wale hawana hamu ya elimu ya juu.

Ukweli wa maneno haya waonekana katika habari za Wamarekani Weusi, kwa kuwa habari zao ni ndefu, zimeandikwa vizuri, na ndani yake mna mafunzo ya kila namna.

Mtu mweusi wa kwanza kupata Udaktari katika chuo kikuu cha Marekani alikuwa Edward Bouchet, aliyeupata katika chuo cha Yale mwaka 1876, katika elimu ya fizikia. Miaka kumi na mmoja tu ilikuwa imepita tangu utumwa kufutwa katika nchi ile. Bouchet hakuwa mtoto wa tajiri. Aliyemlipia masomo yale alikuwa Alfred Cope, mtu wa Philadelphia wa madhehebu ya Quaker, aliyekuwa msimamizi wa shule ya watoto weusi katika mji huo. Bouchet alipomaliza, hapakuwa na chuo kikuu cha Wazungu kilichomwajiri. Alikwenda kufundisha katika shule ile ya Philadelphia, akakaa humo miaka 26. Basi mtu mmoja mwenye mali aliweza kufungua mlango wa kuingilia, lakini mlango wa kutokea ulikuwa umefungwa na watu wengine.

Wa pili katika habari hizi ni William Edward Burghardt Du Bois, aliyezaliwa mwaka 1868 katika mji mdogo wa Great Barrington. Kisa chake chafaa kusimuliwa polepole, maana ndicho kinachoonyesha wazi kuliko vyote jinsi fedha zinavyoweza kumwinua mtafutaji elimu na jinsi zinavyoweza kumwangusha.

Mwaka 1882 tajiri mmoja aitwaye John F. Slater alitoa dola 1,000,000 ziwe mfuko wa elimu ya watu weusi. Aliyeongoza baraza la mfuko huo alikuwa Rutherford B. Hayes, ambaye zamani alikuwa Rais wa Marekani. Mwaka 1890 magazeti yaliandika kwamba Hayes amesema mfuko uko tayari kumpeleka kijana mweusi Ulaya kwa masomo ya juu, walakini hajaonekana anayefaa. Waliopatikana ni wasemaji hodari tu. Du Bois, aliyekuwa wakati huo anasoma Harvard, alipeleka maombi. Akajibiwa kwamba mpango ule umeachwa. Wengi wangekunja barua wakanyamaza. Yeye aliandika barua nyingine yenye maneno makali, kwamba kuwatangazia watu kuwa hawana mtu anayefaa, kisha akatokea mtu akaambiwa hakuna fedha, ni kuwadhulumu mara mbili. Akaleta na shuhuda za walimu wake. Mwisho baraza likakubali, na mwaka 1892 akapewa dola 750, nusu yake zawadi na nusu yake mkopo wa kulipwa.

Akaenda Berlin, ambako wakati ule ndiko kulikokuwa na walimu wakubwa wa elimu ya uchumi na historia. Posho yake ilitolewa tena kwa mwaka wa pili. Akaandika kitabu chake cha Udaktari juu ya kilimo cha majimbo ya kusini ya Marekani, na walimu wake wakakipenda. Lakini sheria ya chuo ilitaka mwanafunzi awe amekaa muda uliowekwa, naye alikuwa hajautimiza. Alihitaji muda mchache tu wa nyongeza. Aliomba posho tena. Wakati huo Hayes alikwisha kufariki, mwezi wa Januari 1893, na wale waliobaki katika baraza wakakataa. Du Bois akarudi kwao mwaka 1894 bila ya shahada ya Berlin.

Hakukata tamaa. Mwaka 1895 alipata Udaktari wa Harvard, akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuupata katika chuo hicho. Na kitabu chake juu ya kukomeshwa kwa biashara ya watumwa kilipigwa chapa mwaka 1896, kikawa cha kwanza katika mfululizo wa vitabu vya historia vya Harvard. Mtu huyu ndiye aliyekuja kuwa mkubwa kati ya wanachuoni wa watu weusi, akafariki Accra, Ghana, tarehe 27 Agosti 1963, hali akishughulika na kamusi kubwa ya habari za Afrika. Chuo cha Berlin kilimpa Udaktari wa heshima mwaka 1958, alipokuwa mzee wa miaka 90. Ile shahada aliyokosa kwa ajili ya fedha za miezi michache ilimjia baada ya miaka 64. Yeye alikuwa na nguvu ya kusimama tena. Lakini ni wangapi walioangushwa namna hiyo wasisimame, na majina yao hayajulikani hata kwa wajukuu zao?

Wa tatu ni Percy Julian, mtu wa elimu ya kemia, aliyezaliwa mwaka 1899 katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama. Alipata shahada ya pili Harvard mwaka 1923. Kwa desturi ya vyuo vya Marekani, mwanafunzi wa Udaktari hujipatia riziki yake kwa kuwafundisha wanafunzi wa chini, na kazi hiyo ndiyo posho yake. Julian alinyimwa kazi hiyo, kwa sababu ilikhofiwa kwamba wanafunzi weupe hawatapenda kufundishwa na mtu mweusi. Hakuna aliyemwambia kwamba hana akili, wala hakuna aliyemfukuza. Aliondolewa sahani tu, naye akalazimika kuondoka mezani. Baadaye mfuko mmoja uliowekwa na tajiri Rockefeller ulimpa posho ya kwenda Vienna mwaka 1929, na mwaka 1931 akapata Udaktari wake huko. Mwaka 1935 Julian na mwenzake kutoka Vienna, Josef Pikl, walifaulu kutengeneza kwa kemia dawa iliyokuwa ikipatikana katika haragwe la Calabar la Afrika ya Magharibi, dawa ya maradhi ya jicho yanayopofusha watu. Faida ya posho ile haikuishia kwa Julian.

Wala isidhaniwe kwamba kila fedha inayotolewa kwa jina la msaada ni msaada. Katika majimbo ya kusini ya Marekani palikuwa na mpango wa ajabu. Vyuo vikuu vya majimbo hayo havikuwapokea weusi. Basi serikali za majimbo zilikuwa tayari kumlipia kijana mweusi karo akasome katika jimbo jingine la mbali, ili asije akagonga mlango wa nyumbani. Posho ile ilikuwa nauli ya kumfukuza mtu kwa upole. Mwaka 1938 Mahakama Kuu ya Marekani ilihukumu, katika shauri la kijana aliyetaka kusoma sheria huko Missouri, kwamba kumlipia mtu aende kwingine hakuliondolei jimbo wajibu wake.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1948, mwalimu mmoja mtu mzima, George McLaurin, alikubaliwa kusomea Udaktari wa elimu katika chuo kikuu cha Oklahoma. Alikubaliwa, lakini aliwekwa katika chumba cha pembeni ili asikilize somo kutoka huko, akapewa meza yake peke yake katika maktaba, na mahali pake peke yake pa kulia. Tarehe 5 Juni 1950 Mahakama Kuu ilikata shauri kwamba jambo hilo si halali, kwani mtu hawezi kujifunza kazi ya uanachuoni hali amezuiliwa kuzungumza na wenziwe na kubadilishana nao mawazo. Hukumu hiyo ina funzo kubwa: elimu ya daraja hii haipatikani kwa kitabu peke yake. Hupatikana kwa kukaa na watu.

Pamoja na dhuluma hizo, walikuwapo waliosaidia kwa uaminifu, na namna zao za kusaidia hazikuwa moja.

Wengine walikuwa watu wasiokuwa na mali. Mwaka 1935 kijana John Hope Franklin alimaliza masomo katika chuo cha Fisk, akakubaliwa Harvard, lakini hakuwa na fedha za kwendea. Mwalimu wake wa historia, Theodore Currier, mtu mweupe, alikwenda benki akakopa dola 500 kwa jina lake mwenyewe, akampa. Baadaye Franklin akapata posho ya mfuko wa Rosenwald, na mwaka 1941 akapata Udaktari wake. Kitabu chake juu ya historia ya Wamarekani Weusi kilichotoka mwaka 1947 kimesomwa na vizazi kwa vizazi. Deni la dola 500 la mwalimu mmoja ndilo lililoanza jambo hilo.

Mfuko huo wa Rosenwald nao una habari yake. Julius Rosenwald alikuwa mfanya biashara tajiri wa Chicago. Alianzisha mfuko wake mwaka 1917, ukasaidia kujenga majengo ya shule zaidi ya 5,000 kwa watoto weusi wa kusini, kwa sharti kwamba watu wa mahali nao watoe chao, fedha au mbao au nguvu za mikono. Tangu mwaka 1928 mfuko ulitoa posho kwa wanachuoni na wasanii, na waliopata wakawa mamia, wengi wao weusi. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Evelyn Boyd, ambaye baadaye aliitwa Granville. Dada wa mama yake ndiye aliyechangia masomo yake ya kwanza, kisha posho ya Rosenwald ikamsaidia, na mwaka 1949 akapata Udaktari wa hesabu katika chuo cha Yale. Baadaye alifanya kazi ya kupiga hesabu za njia za vyombo vya angani.

Lakini Rosenwald hakuamini mifuko ya kudumu. Aliona kwamba kila kizazi kina shida zake, na kwamba mali iliyofungwa milele huwafanya wasimamizi wake kuwa wavivu. Kwa hiyo aliagiza mfuko wake utumiwe wote umalizike. Mwaka 1948 ukafungwa. Rai yake ilikuwa na hekima, na fedha zake zilifanya kazi kubwa kwa haraka. Lakini waliokuja mwaka 1949 hawakukuta kitu. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Mfano wa rai ya pili ulionekana katika jimbo la Florida mwaka 1984. Huko wakfu wa familia ya McKnight ulitoa dola 10,000,000, na serikali ya jimbo ikaongeza dola 5,000,000, zikawa rasilmali isiyoguswa, na faida yake ikatumiwa kuwasomesha Udaktari Wamarekani Weusi katika vyuo vya jimbo hilo. Mwanafunzi aliahidiwa karo na posho ya kuishi hadi miaka mitano. Tena kila mwaka wanafunzi hao walikusanywa pamoja, wakazungumza na waliotangulia, wakafundishwa jinsi ya kuandika na jinsi ya kuongea na wasimamizi wao. Waliopata Udaktari kwa njia hiyo walizidi 500. Katika lugha inayojulikana hapa, mpango huo ni wakfu: mnazi wenyewe haukatwi, yanachumwa madafu tu.

Mwaka 1988, katika chuo kimoja cha jimbo la Maryland karibu na Baltimore, Robert Meyerhoff na mkewe Jane walitoa fedha, naye Freeman Hrabowski akatoa fikira na nguvu. Walianza chini, kwa vijana wa shahada ya kwanza, na shabaha yao ilikuwa Udaktari wa sayansi. Vijana wale wa kwanza walikuwa 19. Walisoma pamoja na kujaribiana masomo, wala hakuna aliyeachwa akaanguka peke yake. Tangu mwaka 1996 mpango huo ulifunguliwa kwa watu wa rangi zote, na haukupoteza shabaha yake. Kati ya waliotoka humo ni Kizzmekia Corbett, aliyepata Udaktari wake mwaka 2014 katika chuo cha North Carolina, na ambaye mwaka 2020 alikuwa miongoni mwa wanasayansi waliotengeneza chanjo ya maradhi ya Korona. Waliochanjwa kwa chanjo hiyo hawakuuliza rangi ya aliyeitafuta.

Isifikiriwe kwamba shida hii ni ya Marekani peke yake, au kwamba ni ya zamani. Huko Uingereza taarifa moja ilitolewa mwaka 2019, ikachunguza posho za Udaktari zilizotolewa kwa fedha za serikali kupitia mabaraza ya utafiti katika miaka mitatu. Posho zote zilikuwa 19,868. Zilizowafikia watu weusi, pamoja na wale waliochanganya damu na weusi, zilikuwa 1.2 kwa mia. Na katika hizo, waliokuwa na asili ya visiwa vya Karibi, watu ambao wazee wao waliijenga upya nchi ile baada ya vita, walikuwa 30 tu. Hapakuwa na sheria iliyowakataza. Sababu zilikuwa za kimya kimya: posho huwafuata waliosoma vyuo vyenye majina, walio na mwalimu wa kuwaongoza mapema jinsi ya kuandika maombi, na waliokwisha kufanya utafiti kidogo bila ya malipo kwa kuwa nyumbani kwao palikuwa na chakula. Mwaka 2021 idara mbili za elimu ya juu za huko zilitenga karibu pauni 8,000,000 kwa mipango 13 ya kulirekebisha jambo hilo.

Lazima isemwe kwa haki kwamba wako wanaopinga misaada ya namna hii, nao si wajinga wote. Husema kwamba mali ya umma itazame haja ya mtu, si rangi wala kabila lake. Na kwamba kumsaidia mtoto wa tajiri mweusi na kumwacha mtoto wa maskini mweupe ni dhuluma mpya. Hoja hiyo ina uzito. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani, ile ile iliyomtetea McLaurin, ilihukumu kwamba vyuo visihesabu rangi katika kupokea wanafunzi. Mwaka 2025 serikali ya nchi hiyo ilianza kuvichunguza vyuo 45 kwa kushirikiana na mpango mmoja uliowasaidia watu wa jamii ndogo kupata Udaktari wa elimu ya biashara. Na hata kabla ya hukumu ile, mwaka 2022, wakfu mkubwa wa Ford ulikuwa umetangaza kwamba posho zake za Udaktari, zilizosaidia watu wa jamii hizo kwa miongo mingi, zitakoma.

Jawabu la hoja ile si matusi. Jawabu ni kwamba haja na historia hazitengani. Aliyewekwa nje kwa miaka mia hakosi fedha tu. Amekosa na mjomba wa kumwambia mlango uko wapi. Mpango wa serikali ya Marekani uliopewa jina la Ronald McNair, mtu mweusi mwenye Udaktari wa fizikia aliyekufa katika chombo cha angani tarehe 28 Januari 1986, uliunganisha mambo yote mawili: uliwafungulia maskini ambao wazazi wao hawakusoma chuo, wa rangi yo yote, na pia watu wa jamii ambazo hazionekani katika daraja ya Udaktari. Hiyo ni njia ya insafu.

Basi katika habari hizi zote yako mambo manne ambayo jamii yo yote ndogo, mahali po pote, yapasa iyashike.

La kwanza, karo si gharama yote. Mwenye kulipa karo bila ya kufikiri chakula, kodi ya chumba, vitabu, na wale wanaomngojea mwanafunzi nyumbani, amemnunulia mtu kasia bila ya mtumbwi.

La pili, msaada uahidiwe mpaka mwisho. Afadhali kumsomesha mmoja akamaliza kuliko kuwaanzisha wanne wakarudi njiani. Kisa cha Du Bois na Berlin kinatosha kuwa ushahidi. Tena ahadi isikae katika moyo wa mtu mmoja, maana mtu hufa; ikae katika daftari, na katika mkataba wenye sahihi za wengi.

La tatu, mwanafunzi asiachwe peke yake. Aliye mbali na kwao, katika chuo ambacho hakuna mtu wa jamii yake, hula upweke kabla ya kula mkate. Barua, ziara, na mtu aliyetangulia wa kumwuliza, hazigharimu fedha nyingi, nazo zimewaokoa watu wengi.

La nne, mfuko usisimame juu ya mguu mmoja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Serikali hubadilika, mahakama hubadilisha rai, na matajiri wa mbali hugeuza nyuso zao. Rasilmali ndogo iliyowekwa na watu wenyewe, isiyoguswa, ikaongezwa kila mwaka, haitamsomesha mtu mwaka wa kwanza, wala pengine mwaka wa tano. Lakini itakuwapo siku wageni watakapoondoka. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, katika mpango wake wa kuwasomesha vijana wa jamii za Waislamu walio wachache, iliweka desturi nzuri: fedha kwa mwanafunzi ni mkopo usiokuwa na riba, na anaporudisha haziendi benki, bali hubaki kwa jamii yake mwenyewe ili zimsomeshe mwingine. Kwa njia hiyo aliyesaidiwa jana huwa msaidizi leo, wala haoni unyonge.

Katika kila mtaa yuko kijana, wa kiume au wa kike, ambaye walimu wake wamekwisha kusema kwamba akili yake yafika mbali. Jamaa zake wanamngojea, na ni haki yao kumngojea. Kazi ya jumuiya si kumlaumu yeye wala kuwalaumu wao. Kazi ya jumuiya ni kuwaendea wazazi wake na kuwaambia: Mwacheni asome, karo ya wadogo zake itatazamwa, na posho yake imeandikwa daftarini mpaka siku atakapomaliza. Daftari hilo lifunguliwe kabla ya mkutano huu kuvunjika, na jina la kwanza litakaloandikwa lisiwe la mwanafunzi, bali la mtoaji.